Vitabu vya Rafu ya Chini

Wajukuu zangu, na nyinyi wengine ambao si wajukuu zangu lakini mna tabia zile zile,

Wiki iliyopita mmoja wenu alinikuta barazani nasoma kitabu cha mtoto aliyepenya nyuma ya tanuri la mikate akatokea kwenye nchi ambayo mito inapanda mlima. Akacheka mpaka akashika nguzo. "Bibi, na umri huo bado unasoma vitabu vya watoto?" Nikamwambia aende kwanza jikoni akaangalie maharage yasiungue, halafu arudi nimpe jibu lake. Maharage yaliungua na yeye hakurudi. Basi namjibu hapa, mbele za watu, apate aibu yake kamili.

Nimefanya kazi ya maktaba Tunduma zaidi ya miaka ishirini. Msifikirie jengo la vioo. Kilikuwa chumba kimoja kilichowahi kuwa ghala la mahindi, bati lake jua likiwaka linalia, na nje yake foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Watu hawakuniita kwa jina langu. Waliniita Mama Maktaba, na mpaka leo nikishuka Mlowo kununua maharage yuko mtu atapiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara, "Mama Maktaba, kile kitabu nitakirudisha!" Ni miaka tisa sasa anakirudisha.

Nimestaafu. Sina bosi, sina kamati, na barua za onyo nilizowahi kuandikiwa nimezifungia maandazi. Kwa hiyo nasema bila kung'ata maneno: hadithi za dunia zilizofichika, zile za mtu kupita mahali pa kawaida akatokea kwingine kabisa, ndizo zilizoiweka hai maktaba ile. Vitabu vya heshima vilikuwa rafu ya juu vikila vumbi. Anayebisha aje Tunduma, kiti ninacho.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Sinkala, mtunza maktaba aliyenitangulia. Alikuwa mwembamba, mkali, na alikinusa kitabu kabla hajakipokea. Ukiwa umekisoma jikoni karibu na dagaa, anakutajia hata siku uliyowapika. Yeye ndiye aliyenifundisha kupika gundi ya unga wa ngano kwa moto mdogo na kuitia pilipili ya unga. Mwaka wangu wa kwanza niliona pilipili ni ushamba wa wazee, nikaiacha. Ijumaa tukafunga mlango, Jumatatu tukafungua, panya wamekula migongo ya vitabu kumi na moja na wamelala kwenye mabaki, wameshiba. Mzee Sinkala hakugomba. Alinipa pilipili kichaa na kinu, akaniambia nitwange mpaka nikumbuke. Nililia machozi ya aina mbili siku ile.

Alinifundisha pia kuvalisha vitabu. Mfuko wa saruji una karatasi zaidi ya moja. Ya nje ina maandishi, ya ndani ina vumbi lisiloisha, lakini mfuko ukiwa na ya katikati, hiyo ndiyo safi na ngumu. Unaikata, unaikunja pembe, unashona kwa uzi wa nailoni na sindano ya magunia. Kitabu kilichovalishwa hivyo kinaweza kuangukia dimbwi la oili gereji na kikarudi kizima. Vitabu vyote tulivivalisha kwa namna hiyo, tukiacha mgongo wazi ili jina lisomeke. Isipokuwa vile vya dunia zilizofichika.

"Hivyo funika mpaka mgongo," aliniambia. "Halafu viweke rafu ya chini kabisa, nyuma ya vile vya kilimo."

"Kwa nini, mzee?"

"Watu wetu wakiona jalada limechorwa mlango umefunguka katikati ya mti, na macho yanachungulia, wataanza. Watasema maktaba ina freemasoni. Wewe funika tu, binti, tuishi kwa amani."

Nikafunika. Sijivunii. Kila mwaka nilikata karatasi za saruji nikaficha majalada yenye rangi nzuri kuliko kanga, kwa sababu mtu ambaye hajasema lolote anaweza kesho akasema.

Lakini hata vikiwa vimefichwa, watu walivipata. Ili ukifikie kitabu cha rafu ya chini lazima uchuchumae, na watu wazima hawapendi kuonekana wamechuchumaa maktaba. Basi wakabuni mbinu. Sijaona mahali kamba za viatu zinafunguka kama pale. Mwalimu mzima anaingia, anatazama huku na huku, kamba imefunguka, anachuchumaa, anainuka na kitabu kwapani. Wengine walikuja na kandambili na bado walikuwa na kamba za kufunga.

Alikuwepo dereva mmoja, Masoud, jitu la miraba minne, akiendesha lori la kwenda Kongo. Foleni ikikwama alikuja kila siku. Kila kitabu alichochukua alisema, "Ni cha mwanangu." Nikamuuliza siku moja mwanawe yuko darasa la ngapi. Akafikiri. Akasema la tano. Mwaka uliofuata nikamuuliza tena, akasema la tatu. Nikamwambia, "Masoud, mwanao anarudi nyuma." Akacheka mpaka machozi, kisha akakaa kwenye benchi akanieleza kwamba hana mtoto, hajaoa, na kwamba ukikaa siku sita ndani ya kichwa cha lori unatazama nyuma ya lori jingine lililosimama, unahitaji mahali pa kwenda. Sikumuuliza tena habari za mwana.

Sasa nawapa siri ya kazi. Mtu akiwaambia anajua kitabu kimependwa kwa sababu kimechakaa, hajui kitu. Kitabu kinaweza kuchakaa kwa kubebwa tu. Tazama uchafu wa kurasa. Kifungue, kiinue kwenye mwanga wa dirisha, utaona pembe za chini zimefanya weusi mahali ambapo wasomaji walisimama na kurudia. Kwenye vitabu vya upelelezi, uchafu uko mwisho. Kwenye vya mapenzi mnajua wenyewe uko wapi. Kwenye hivi vya dunia zilizofichika, nilidhani nitaukuta kwenye vita na majitu. Haukuwepo. Ulikuwa mahali pawili: ukurasa ambao mtu anapita kwenda huko, na ukurasa ambao anarudi nyumbani anakuta uji bado uko motoni.

Mzee Sinkala alipostaafu akaniachia funguo, nikafanya kosa langu kubwa la pili. Nilikuwa nashona vitabu viwili kwa pamoja, kimoja cha nchi iliyo chini ya kisima na kingine cha utunzaji wa mibuni. Nikachanganya kurasa. Mtoto wa kwenye hadithi alishuka kisimani ukurasa wa thelathini, na ukurasa wa thelathini na moja ukaanza kueleza namna ya kukata matawi ya mbuni yaliyozeeka. Kikaazimwa na mama mmoja mkulima wa Ihanda kabla sijagundua. Nikasubiri aje anitukane. Baada ya wiki tatu akaja ametulia, akaweka kitabu mezani, akasema, "Mama Maktaba, nimeshuka kisimani nikajikuta kwenye shamba langu mwenyewe. Nikasema haya, labda hii ndiyo nchi ya ajabu na mimi sikujua. Nimekata matawi kama walivyosema. Sasa nipe kipande kinachoeleza yule mtoto alitokaje." Nikamshonea upya akasubiri. Alisomea pale pale kwenye benchi, na basi la Vwawa likamwacha.

Wasomi wanasema watu hupenda hadithi hizi kwa sababu wanakimbia maisha. Huyu mama alikimbia nini? Alirudi shambani akakata matawi. Mimi nasema wanaosema hivyo hawajaishi mpakani. Sisi Tunduma tunaishi kwenye mlango wenyewe. Unavuka mtaro kati ya duka na duka, upo nchi nyingine: fedha nyingine, salamu nyingine, sukari ladha nyingine. Na saa nyingine pia. Kwao saa ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa nane mchana, kwao ni saa saba. Mtu anaweza kunywa chai huku, akavuka, akafika kabla hajaondoka. Ndiyo maana mtu wa Tunduma hapangi miadi bila kuuliza, "Saa za huku au za kule?" Mtoto aliyekua hapa akisoma kwamba ukuta una upande wa pili, haoni ajabu. Anaona hatimaye kuna mwandishi anayesema kweli.

Na hapo ndipo ninapofika kwa Zuhura.

Zuhura alikuwa na miaka kumi na minne. Baba yake, Mzee Shabani, alikuwa mwenye malori, mtu wa Kigoma aliyehamia Tunduma kwa biashara. Ndiye aliyekuwa tajiri wa Masoud. Mtu wa swala tano, wa neno moja, na nisiseme uongo, alimpenda binti yake. Mama wa Zuhura alikuwa Mnamwanga wa huku mpakani, waliachana mtoto akiwa mdogo. Zuhura aliambiwa mama yake alikwenda Kongo, ndani kabisa, kusikofika simu. Alilelewa na shangazi.

Huyu binti alisoma rafu ya chini yote, akaanza upya. Kila akirudisha kitabu nilikiinua kwenye mwanga, mazoea ya kazi, na niliona kitu kimoja. Wengine wote walichafua ukurasa wa kwenda na wa kurudi. Yeye alichafua wa kurudi tu. Nilipaswa kumuuliza. Sikumuuliza, nikajiambia mambo ya watu si yangu. Hilo nalo najutia.

Siku moja Mzee Shabani akaja maktaba kwa heri kabisa. Binti alikuwa amefaulu vizuri, akaja kunishukuru, akaleta na tende. Akaniuliza Zuhura huwa anakaa mpaka saa ngapi. Mimi kwa kiburi cha rejista yangu nikaifungua mbele yake. Rejista yangu ilikuwa safi, jina, kitabu, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Akaweka kidole kwenye mstari wa jana. Zuhura ametoka saa kumi.

Uso wake ukabadilika. "Jana alifika nyumbani saa kumi na moja na nusu," akasema. "Kutoka hapa hadi kwangu ni dakika ishirini."

Akaondoka hajamaliza chai. Mimi nikabaki naangalia ile saa kumi. Kisha nikatazama simu yangu, halafu saa ya ukutani. Mungu wangu. Simu ilikuwa imeshika mtandao wa Zambia, kama zinavyofanya simu zote za pale upepo ukibadilika, ikajirudisha nyuma saa moja, nami nikaandika bila kufikiri. Binti alikuwa ametoka saa kumi na moja kamili. Hakuwa amekosa kitu jana yake.

Nilifunga mlango nikakimbia kwao na miguu yangu hii. Nikachelewa. Baba alikuwa ameshamuuliza, "Ile saa moja ulikuwa wapi?" Na Zuhura, akidhani yote yamejulikana, alikuwa ameshakiri yote. Kwamba mama yake hayuko Kongo. Kwamba yuko Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka, anauza vitenge nyuma ya stendi ya mabasi. Kwamba rafiki yake wa shule alimwona mwanamke mwenye sura yake, na tangu hapo kila Alhamisi anachukua kitabu maktaba, anavuka, anakaa na mama yake, anarudi. Alikamatwa kwa siku ambayo hakwenda.

"Nani kakufundisha haya?" baba aliuliza.

Zuhura hakutaka kumtaja rafiki yake. Akasema, "Kwenye vitabu, watu wanaoambiwa wako mbali huwa wako nyuma ya ukuta tu."

Basi. Vitabu vikawa na kesi.

Mzee Shabani akaamua mambo mawili. Zuhura atapelekwa Kigoma kwa ndugu zake Jumamosi, na lori lenyewe ni la Masoud. Na vitabu vile vitachomwa. Akamwendea mzee wa kanisa aliyekuwa kwenye kamati ya maktaba, akakuta mwenzake alishawahi kusikia habari za freemasoni. Nawaambia, nimeishi Tunduma miaka yote, sijaona msikiti na kanisa wanakubaliana haraka namna ile. Kikao kikaitwa Ijumaa saa nane mchana, baada ya swala.

Alhamisi Zuhura akaja kwangu kwa kificho. Hakulia. Alisema, "Bibi, mimi Kigoma nitakwenda. Ila mama atanisubiri leo, na Alhamisi ijayo, na hatajua." Hapo mimi ndiye niliyelia. Kosa lilikuwa la kalamu yangu, na mtoto ndiye anayefungiwa mizigo.

Nikamwita Masoud. Nikamwambia avuke amtafute yule mama, amweleze yote, amwambie aje kwenye kikao. "Saa ngapi?" akauliza. "Saa nane," nikasema. Yeye akavuka, akasema saa nane. Hakuna aliyeuliza za huku au za kule. Mimi niliyetoka kuharibu maisha ya mtu kwa saa moja, nikairudia saa ile ile kabla ya siku nne kupita. Cheka tu, ninastahili.

Ijumaa saa nane watu wakajaa. Mwenyekiti wa kamati, mzee wa kanisa, Mzee Shabani na kofia yake nyeupe, Zuhura na shangazi yake karibu na mlango. Mama hayupo. Nikatazama saa ya ukutani, ndipo nikajua nimefanya nini. Yule mama alikuwa bado ana saa nzima.

Nikasimama nikasema kosa la saa ni langu, simu ilikuwa Zambia. Mzee Shabani akasema, "Nimekuelewa, mama. Lakini simu yako haikumvusha mtoto mpaka. Mimi nilimkinga na jambo litakalomuumiza. Hivi vitabu vimemwambia kila alichoambiwa na wakubwa kina mlango wa nyuma." Alisema kwa utulivu na watu wakaitikia kwa vichwa. Nikawaambia kwamba kitabu hakikumdanganya, aliyemwambia mama yuko Kongo si kitabu. Mwenyekiti akakohoa. Mikono ikanyooshwa: wote dhidi ya mmoja. Nikaamriwa nivitoe nje.

Hapo ndipo Mzee Sinkala alipokuja kunisaidia, ingawa alikuwa kwake Vwawa anafuga kuku. Nikakumbuka sheria yake ya kwanza.

"Sawa," nikasema. "Lakini kitabu hakitoki maktaba bila kadi. Hata Rais akija. Nani anaviazima?"

"Vinachomwa, mama, haviazimwi!" mwenyekiti akasema.

"Mtakachofanya navyo huko nje ni shauri lenu. Kutoka mlangoni lazima mtu aandike jina, tarehe, na sahihi kwenye kadi ya kila kimoja. Vipo thelathini na nane. Ukaguzi ukija nitajibu nini?"

Neno ukaguzi lina nguvu. Wakatazamana. Mzee Shabani, mtu wa hati na mihuri, akavuta kiti. "Lete kalamu."

Nikachuchumaa, nikatoa kimoja kimoja, taratibu, magoti yanauma na mimi nayaacha yaume. Nikampa kadi ya kwanza. Akaandika. Nikampa ya pili. Mzee wa kanisa akachukua kimoja aone uovu wenyewe, akafungua, akasimama nacho, kisha akakaa nacho, na baada ya hapo sikusikia tena sauti yake. Saa nane na nusu. Nikamwomba Mzee Shabani arudie sahihi moja, haisomeki.

Alipofika kadi ya kumi na ngapi sijui, kalamu ikaanza kwenda polepole. Kila kadi aliyoishika ilikuwa na majina ya walioazima kabla yake, na jina lilikuwa lile lile. Zuhura Shabani. Zuhura Shabani. Mahali pengine Masoud.

"Masoud? Masoud wangu?" akauliza.

"Ni cha mwanawe," nikasema.

Halafu tena Zuhura Shabani, kwa mwandiko wa darasa la tano, herufi kubwa zimelala. Zuhura Shabani kwa mwandiko wa mwaka jana. Alikuwa anamwona binti yake akikua kwenye kadi, na mimi nilimwona akiona. Nilianza kumhurumia, na sikutaka.

Alikuwa kwenye kadi ya ishirini na sita mlango ulipotiwa kivuli. Mwanamke wa kimo cha Zuhura, kitenge cha kijani, vumbi mpaka magotini, Masoud nyuma yake anahema.

"Samahani wazee," akasema. "Niliambiwa saa nane. Nimekimbia." Kisha akaiona saa ya ukutani inaonyesha saa tisa kamili, akaweka mkono mdomoni. "Mayo! Nimeangalia saa za kule."

Zuhura hakusubiri ruhusa ya mtu. Benchi lilianguka.

Mwenyekiti wetu, mtu mwema lakini mzito kidogo, akauliza kwa upole, "Mama, Kongo umerudi lini?"

"Awe, hapana, mzee. Kongo sijawahi kufika. Naishi pale, nyuma ya stendi. Ukisimama hapo nje kwenye malori, bati langu unaliona."

Hakuna aliyesimama kwenda kuliona. Watu wote walimtazama Mzee Shabani, naye aliitazama kalamu. Nilitaka afoke, ningejua la kumjibu. Hakufoka. Alimtazama binti yake aliyeficha uso kwenye kitenge cha kijani, halafu akafunika kalamu.

"Nilisema Kongo," akasema. "Ni mimi niliyesema."

Akasimama akavaa viatu vizuri. Alipofika mlangoni akasimama mbele ya mama wa mtoto, hawakupeana mkono. "Kigoma haendi," akamwambia. "Alhamisi aje kwako. Saa kumi na mbili awe nyumbani." Akapiga hatua mbili, akageuka. "Saa za huku."

Mimi nikamwita. "Mzee Shabani, vitabu umeshaviazima. Ishirini na sita, siku kumi na nne."

Nadhani ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka. Akarudi, akavisukuma vyote mezani kwangu, akabaki na kimoja, akakitia mfuko wa kanzu. Kilikuwa hiki cha tanuri la mikate. Mzee wa kanisa naye aliondoka na chake, na huyo hakuandika kadi, nilimfuata mpaka kanisani.

Siku ya kumi na nne kamili Mzee Shabani alikirudisha, akakiweka mezani, akaenda zake. Nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kulikuwa na alama mpya ya dole gumba, nene, ya wino wa mihuri, na haikuwa kwenye tanuri wala kwenye mito inayopanda mlima. Ilikuwa kwenye ukurasa ambao mtoto anarudi na kumkuta mama yake.

Jioni ile ile nilichukua mkasi nikakaa sakafuni. Nikazikata karatasi zote za saruji, thelathini na nane, milango na macho na miti yote ikatoka hadharani. Nikavipandisha rafu ya katikati, usawa wa macho ya mtu mzima aliyesimama. Maneno yalikuwepo, barua ya onyo ilikuja, nimeshawaambia ilifungia nini. Sikuvifunika tena mpaka siku niliyokabidhi funguo.

Kwa hiyo wewe uliyecheka, kitabu kiko juu ya meza barazani na jalada lake liko wazi. Njoo uchukue. Ila sugua kwanza sufuria yangu, na kadi utaandika.